Sura ya Sita: Mtu wa Dunda mjini Berlin

Ukishuka stendi ya Bagamoyo na kumwambia dereva wa bodaboda akutembeze mjini, njia anaijua kwa kichwa. Atakupeleka kwanza misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, walioingia hapa mwaka 1868, akuoneshe mahali mwili wa Livingstone ulipolazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Kutoka hapo ni Boma la Wajerumani, halafu mahali walipokuwa wakinyonga watu. Kama una nafasi na hela ya mafuta, mtafika hadi Kaole kwenye magofu ya msikiti wa kale na makaburi yaliyokuwa yamepambwa kwa mabakuli ya Kichina. Mwisho atakuonesha upande wa Mbegani, ilikokuwa ijengwe bandari kubwa ya Wachina, na hapo ana maoni yake, ambayo hayapo katika nauli mliyopatana.

Ziara hiyo sina ugomvi nayo. Ila siku moja niliporudi nayo nyumbani nilikaa nikahesabu: karibu kila jina nililotajiwa ni la mtu aliyekuja. Mapadri walikuja, Waarabu walikuja, Wahindi walikuja, Wissmann alikuja na mizinga yake, Emin Pasha alikuja akaanguka kutoka ghorofani usiku wa karamu mwaka 1889. Bagamoyo inasimuliwa kama baraza la wageni, na sisi wenyeji tumo humo kama wapagazi na watumwa tu. Hakuna aliyenionesha mahali alipokaa mtu aliyetoka hapa akaenda kukaa kwa hao wageni, akafundisha katika chuo chao na akafia katika mji wao. Mtu huyo ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, wa Dunda.

Dunda leo ni kata ya mji wa Bagamoyo. Mtoro alizaliwa huko yapata mwaka 1869, mwaka mmoja hivi baada ya mapadri kupewa kiwanja chao. Jina la baba lenyewe, Mwinyi, linakwambia ukoo ule haukuwa wa watu wa kutumwa sokoni. Alisoma chuoni kama watoto wa waungwana walivyosoma, akahitimu Kurani na kuendelea na elimu ya dini kwa masheikh. Alikuwa kijana wa kama miaka 19 pwani ilipowaka moto mwaka 1888, Abushiri bin Salim akiongoza vita dhidi ya kampuni ya Wajerumani. Aliona Bagamoyo ikipigwa mizinga kutoka baharini na watu wake wakikimbilia vichakani. Kisha aliiona ikifanywa makao makuu ya utawala mpya, na mwaka 1891 akaona makao hayo yakihamishiwa Dar es Salaam. Katika miaka isiyozidi mitatu mji ulipanda na kushuka, naye akiutazama.

Akafanya walichofanya vijana wengi wenye elimu wa wakati wake: akaingia kazi ya serikali. Alikusanya kodi na alifundisha. Watu hupenda kuuliza kama huo haukuwa usaliti. Mimi swali hilo silipendi, kwa sababu waulizaji wengi wanakula mishahara ambayo nayo haijakaguliwa ilikotoka. Mtoro alijua kusoma na kuandika, na mwenye kununua ujuzi huo Bagamoyo ya miaka ya 1890 alikuwa mmoja tu.

Mwaka 1900 mnunuzi huyo alimhitaji Ulaya. Chuo cha Lugha za Mashariki mjini Berlin, kilichoanzishwa 1887 chini ya chuo kikuu cha mji huo, kilikuwa kinatafuta Mswahili wa kufundisha Kiswahili. Mtoro akapanda meli. Alikuwa amekwisha kutimiza miaka 30, mtu mzima aliyeng'oka meno ya utoto katika mji wa watu wanaojuana mpaka majina ya mababu.

Hakuwa wa kwanza. Katika chuo hichohicho walikuwa wamepita Sleman bin Said na, baada yake, Amur bin Nasur wa Unguja, aliyefundisha kuanzia 1891 hadi 1895. Habari za Amur mwenyewe zilichapishwa 1894 katika mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili ulioandaliwa na mwalimu wa kwanza wa lugha hiyo pale, Büttner. Selim bin Abakari, mtu mwenye asili ya Ngazija, mwaka 1896 alifuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, mpaka Urusi na Siberia. Akaandika safari hiyo kwa Kiswahili, lugha ambayo kabla yake sidhani kama iliwahi kubebeshwa theluji nyingi kiasi kile. Na kabla ya wote hao, Sayyida Salme binti Said wa Unguja alikwisha kufika Hamburg mwaka 1867, akiwa mke wa mfanyabiashara Heinrich Ruete, na mjane ilipofika 1870.

Salme nampa nafasi zaidi kidogo, maana ndiye aliyefanya jambo ambalo wenzake hawakupewa ruhusa ya kulifanya. Kumbukumbu zake, alizozichapa kwa Kijerumani mwaka 1886, zinawatoa Wajerumani makosa mbele yao wenyewe. Aliwaambia kuwa shule zao zinajaza vichwa vya watoto na kusahau mioyo. Aliwaambia wanayoyasimulia juu ya wanawake wa Kiarabu hawayajui. Hata utumwa aliutetea, na hapo alikosea vibaya. Lakini alikosea kwa sauti yake, kwa jina lake, kama mtoto wa Sultani anayezungumza na watu asiowaogopa. Ukiwa binti wa Said bin Sultan mchapishaji hukupokea na kasoro zako zote.

Mtoro alikuwa mwajiriwa. Mji aliofika ulikuwa umezoea kumtazama mtu mweusi kwa tiketi. Miaka minne tu kabla yake, katika bustani ya Treptow mwaka 1896, yalifanyika maonesho ya makoloni ambamo watu zaidi ya 100 kutoka Afrika na visiwa vya Pasifiki waliwekwa kwenye vijiji vya kuigiza ili wenye mji waje wawatazame wakipika na kucheza. Waswahili na Wamasai walikuwemo. Mtu wa Berlin aliyemwona Mtoro barabarani mwaka 1900, kanzu au koti, mara ya mwisho kumwona mtu wa Afrika Mashariki huenda ilikuwa pale, upande wa pili wa uzio.

Darasani mambo yalikuwa na mpangilio wake. Profesa, Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali ya koloni, alishika sarufi na nadharia. Mswahili alishika ulimi: kusoma kwa sauti, kutamka, kuzungumza na wanafunzi mpaka maneno yawakae mdomoni. Wanafunzi walikuwa maofisa wa jeshi, watu wa serikali, wamisheni na wafanyabiashara waliokuwa njiani kuja kwetu. Fikiria hali hiyo. Anayekufundisha leo kusema "lete maji" ni mtu ambaye ndugu zake ndio utakaowaambia mwakani walete hayo maji.

Na zaidi ya ulimi, walitaka habari. Mwasemaje mtoto akizaliwa? Jando hufanywa vipi? Mtu akifa na deni, nani hulipa? Velten alikusanya majibu ya Mtoro, pamoja na ya Waswahili wengine, na mwaka 1903 kikatoka mjini Göttingen kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, pamoja na tafsiri yake ya Kijerumani. Jalada lilibeba jina la Velten. Jina la Mtoro lilikuwa ndani. Ilipita miaka 78 kabla halijatoka nje: mwaka 1981 tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen ilipochapishwa Marekani, Mtoro bin Mwinyi Bakari alitajwa katika anwani ya kitabu.

Wataalamu hukisoma kitabu hiki kuijua Bagamoyo ya karne ya 19, na wana haki, maana hakuna kingine cha kukifikia. Kimo kila kitu: mimba na uzazi, michezo ya watoto, chuo, jando na unyago, salamu, ngoma, pepo, safari za bara, utumwa, rehani na madeni, ndoa, talaka, maradhi, mazishi. Mimi nimekisoma mara tatu, na mara ya tatu ndiyo niliyogundua nilikuwa nakisoma vibaya. Nilikuwa nakisoma kana kwamba kimeandikwa Bagamoyo.

Hakuna mtu wa Dunda anayemweleza mtu wa Dunda namna ya kuamkiana. Hakuna anayekaa barazani na jirani yake akamfafanulia kwamba mtu akifiwa watu huenda kukaa naye. Mambo hayo huelezwa kwa mtu asiyeyajua, na mwelezaji hulazimika kuyatafuta maneno akiwa mahali ambapo hayapo. Kila ukurasa wa Desturi, ukiupindua, nyuma yake kuna Berlin. Anapoeleza kwa urefu jinsi jirani anavyoshiriki ndoa, na nani huleta nini, na nani hukasirika asipoalikwa, sioni taarifa kavu ya mila. Namwona mtu amekaa katika chumba cha kupanga, kwenye jengo la ghorofa ambalo wapangaji wake hupishana ngazini bila neno. Ni kitabu cha mtu wa ughaibuni, na maoni yake juu ya Wajerumani yamo humo, yameandikwa kwa kuwataja Waswahili.

Nasema hivi kwa sababu nimeliona jambo hili kwa watu wangu. Shemeji yangu ana duka Kariakoo, na kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa akienda Guangzhou kufuata mzigo. Sisi tunasema "yuko Chaina" kana kwamba Chaina ni duka moja. Hukaa wiki tatu, wakati mwingine miezi, kwenye mitaa ya Xiaobei ambako Waafrika wengi hufikia, akizunguka masoko ya jumla, akijaza kontena kwa kuchangia na wenzake. Akirudi, nyumba nzima humkalia. Maswali ni mawili: bei, na kama ni kweli wanakula mbwa. Bei huitaja kwa tahadhari, mbwa humcheka. Hakuna aliyewahi kumuuliza alionaje kukaa kule. Nilipomuuliza mimi, tena siku ya msiba, tumekaa jamvini tukisubiri maiti itoke, alifikiri kidogo akasema: "Kule, kaka, ukianguka njiani atakuokota askari. Lakini hakuna wa kukwambia pole."

Halafu akaanza kunieleza, bila kuulizwa, jinsi bibi yetu alivyokuwa akiwapokea wageni Zinga. Alikuwa anaendelea kujibu swali la Guangzhou.

Mtu akitaka habari kali zaidi za Waafrika katika miji ya Wachina, zipo. Machi 1962 mwanafunzi kutoka Zanzibar alipigwa katika hoteli moja mjini Peking. Wanafunzi Waafrika wenzake wakagoma, na wengi wao wakaondoka nchini humo. Mghana mmoja aliyekuwa nao, Emmanuel Hevi, aliandika kitabu kizima cha hasira kilichotoka mwaka uliofuata. Aprili 2020, wakati wa Korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa kwenye vyumba walivyopanga na kukataliwa hotelini, wakalala nje na mabegi yao. Shemeji yangu wakati huo alikuwa nyumbani, kwa bahati tu. Sitaki kuyafanya haya kuwa sawa na Berlin ya 1900, maana mfanyabiashara wa Kariakoo anakwenda kwa hiari yake na hela yake mfukoni, na kule anagombana na mwenye kiwanda kama mnunuzi. Ninachokitazama ni kimoja: nani anaulizwa maoni, na kuhusu nani.

Wala Mtoro mwenyewe hakuwa malaika katika jambo hili. Kabla ya Desturi, katika mkusanyo mwingine wa Velten uliotoka mwaka 1901, Safari za Wasuaheli, Mtoro ana simulizi ya safari yake ya Udoe na Uzigua. Huko si mbali. Ni bara ya hapahapa Bagamoyo, mwendo wa siku chache kwa miguu. Lakini anaandika kama mtu aliyekwenda mwisho wa dunia. Watu wa pwani waliwazushia Wadoe sifa ya kula watu, wakawaita washenzi, wakawahadithia watoto wao habari zao usiku. Mtoro anawatazama kwa jicho hilo la muungwana wa pwani: anastaajabu, anapima, anaorodhesha. Mdoe aliyemkaribisha hakupewa nafasi ya kusema alimwonaje mgeni huyu mwenye kanzu. Ningetoa pesa nzuri kuisoma simulizi ya Mdoe huyo.

Tuendelee na Berlin. Mtu aliyekwisha kueleza kwa makini salamu na adabu za kwao alikuwa akikabiliana, mwaka baada ya mwaka, na wanafunzi waliomwona kama kifaa cha darasa. Alilalamika kwamba hawampi heshima ya mwalimu. Kwa mtu aliyelelewa chuoni Dunda, malalamiko hayo hayakuwa madogo. Kwetu mwalimu wa chuo hupelekewa mtoto kwa maneno maalumu, na mtoto akikua akawa na ndevu bado humpisha njia. Hawa walikuwa wanajiandaa kuja kutawala. Kumheshimu Mswahili mmoja Berlin kungewaharibia kazi waliyokuwa wanaisomea.

Tena mwaka 1904 akaoa. Mke alikuwa Mjerumani, Bertha Hilske, msichana wa kazi ya kiwandani. Kisheria mjini Berlin hapakuwa na kizuizi, ndoa ilifungwa. Kizuizi kilikuwa machoni mwa watu. Mgogoro wa chuoni ukakua, na mwaka 1905 Mtoro akaachana na kazi ile. Wakaamua kuja nyumbani.

Hapa ndipo mkasa ulipo, na unahitaji kusimuliwa polepole kuliko ulivyotokea. Mtu na mkewe wanapanda meli, wanapita Suez, wanashuka Bahari ya Shamu, wanaikata Ghuba ya Aden. Kila siku inayopita hali ya hewa inazidi kuwa ya nyumbani kwake na ya kigeni kwa mkewe. Bila shaka alikuwa akimsimulia: mti ule unaitwa hivi, mama atakupokea hivi, ukiulizwa hujambo jibu hivi. Alikuwa amekwisha kuyaandika yote hayo kwa ajili ya wageni. Sasa yalikuwa na mgeni wa kweli wa kuyapokea. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Meli ikafika kwenye bandari za koloni. Serikali ya Gavana von Götzen haikuwaruhusu kushuka.

Mzaliwa wa Dunda alizuiwa kukanyaga pwani yake kwa sababu alikuwa na mke halali. Sababu ya utawala ilikuwa ile iliyoitwa heshima ya Mzungu: mwanamke mweupe akionekana katika nyumba ya Mswahili Bagamoyo, akipika, akiteka maji, akimwita mumewe bwana, utawala wote ungechekwa. Mwaka huohuo, kuanzia Julai, vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi na kuenea kusini, na wenye mamlaka walikuwa wanaogopa hata vivuli. Mwaka uliofuata, 1906, ndoa za namna ile zikapigwa marufuku katika koloni lote. Mtoro na Bertha walirudishwa Ujerumani.

Nimesimama mara nyingi ufukweni Bagamoyo, pale soko la samaki lilipo, madau yakiingia na watoto wakigombania dagaa. Kutoka Dar es Salaam mpaka hapa ni kilomita zipatazo 70 kwa barabara; siku hizi, foleni za Tegeta na Bunju zikikuachia, ni saa moja na nusu. Kila nikiitazama bahari kutoka hapo namfikiria mtu aliye juu ya meli. Alikuwa ameacha hapa ndugu, lugha, makaburi. Alikuwa ameandika kitabu kikubwa kuliko vyote juu ya mji huu. Sasa mji huu ulikuwa umefungwa kwake kwa amri ya watu waliojifunza kuuzungumza mdomoni mwake.

Jina la mji lenyewe limefanyiwa biashara kubwa ya maana. Kila mwandishi wa vitabu vya watalii anakwambia ni "bwaga moyo", ama ni mtumwa aliyekata tamaa ama ni mpagazi aliyetua mzigo. Watazozana milele. Mimi nawaachia wazozane, lakini wakimtafuta mtu wa kumpa maana zote mbili kwa pamoja, wanaweza kumtazama huyu.

Aliporudi Ujerumani aliendelea kudai haki yake kwa serikali, na aliendelea kuishi. Watu husahau hilo la pili. Kuanzia 1909 alikuwa msaidizi wa lugha katika Taasisi ya Makoloni mjini Hamburg, chini ya Carl Meinhof, mwanaisimu aliyezijenga nadharia za lugha za Kibantu ambazo bado zinasomwa vyuoni. Akarudi Berlin kabla ya vita kuu. Vita vikaja, Ujerumani ikapoteza makoloni, Waingereza wakaichukua Tanganyika, na Mtoro akabaki katika nchi iliyokuwa imemwita kwa ajili ya koloni ambalo sasa haikuwa nalo. Akajipatia riziki kwa kutoa mihadhara juu ya Afrika, mji huu na mji ule. Mtu aliyeanza kwa kuwaeleza maofisa desturi za Waswahili alimaliza kwa kuwaeleza raia wa kawaida wa Ujerumani habari za Afrika, kwa lugha yao. Katika miaka ile 27, kama ukiondoa miezi ya safari isiyofika, kazi yake ilikuwa moja: kusema kwao kukoje.

Kiti chake cha Kiswahili kilikaliwa na wengine. Mmoja wao lazima nimtaje, ingawa kisa chake kinastahili sura yake. Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, naye mwenyewe akaingizwa vitani angali mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ya kijeshi ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakulipwa. Akawa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akaigiza katika filamu, na akafundisha Kiswahili katika chuo kilekile alichofundisha Mtoro. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata kwa kosa la uhusiano na mwanamke mweupe, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Tangu 2007 kuna jiwe dogo la shaba lililopigiliwa kwenye njia ya miguu ya Brunnenstraße mjini Berlin, lenye jina lake.

Mtoro anaanza kukumbukwa pia, polepole. Mwanahistoria Mjerumani, Ludger Wimmelbücker, aliandika kitabu kizima juu yake, na kilichapishwa hapahapa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2009. Nilikipeleka kwa mwalimu mmoja wa sekondari Bagamoyo. Alikigeuza jalada mbele na nyuma akaniuliza, "Huyu ni wa kwetu, Dunda hii hii?" Nikamwambia hii hii. Akakaa nacho miezi saba, nikajua hakirudi, na sikukidai.

Kama wewe unayesoma sura hii ni mwalimu, au diwani, au mtu tu mwenye sauti katika kikao cha mtaa, nina ombi. Boma lina kibao chake na misheni ina makumbusho. Tafuteni ukuta mmoja Dunda, hata wa shule ya msingi, muandike kwa rangi isiyofutika na mvua ya masika: Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu na mwandishi, alizaliwa hapa yapata 1869, akafariki Berlin tarehe 14 Julai 1927.